Betri yako ya sola isimshushe mtu nguzoni

Wiki hii tuwaache kwanza walioachana na waliorudiana. Tuzungumze jambo lililoingia mjini kwa kasi na linalotesa kuliko viatu vipya: sola ya nyumbani, ile yenye betri ya lithiamu na inveta iliyopigiliwa ukutani.

Si mnajua wenyewe. Zamani kijana akihamia chumba na sebule alikuonyesha redio kubwa na kapeti. Siku hizi anakusogeza ukutani, anakuonyesha kisanduku chenye vitaa vya kijani, kisha anaomba Mungu umeme ukatike ili atambe. Ukikatika, mtaa mzima giza, kwake feni inazunguka, friji inanguruma na mechi inaendelea. Majirani wanakuja na viti vyao. Mshikaji anajiona waziri.

Mimi sina ugomvi naye. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Ni jambo kubwa. Lakini megawati za Rufiji haziwezi kuzuia tawi la mwembe lisiangukie waya wa mtaani kwenu, wala haziwezi kuizuia transfoma iliyozidiwa isife Jumapili usiku. Mwenye betri atalala na feni yake, asiye nayo atalala na mbu.

Kinachonisumbua ni maswali tunayouliza tunapokwenda kununua. Tunauliza bei. Tunauliza betri inakaa saa ngapi. Tunauliza kama inaweza kubeba pasi. Hatuulizi umeme ule, ukishatoka kwenye inveta, unakwenda wapi na unaishia wapi. Na hilo ndilo swali linaloweza kumtoa mtu roho, tena mtu ambaye hata hujawahi kumwona.

TRANSFOMA HAINA MBELE WALA NYUMA

Transfoma ya mtaani inapokea volti 11,000 au 33,000 kutoka kwenye laini kubwa, inazishusha mpaka tunapata 230 kwenye soketi. Hilo tulifundishwa shule. Ambalo wengi tulilisikia kwa sikio moja ni kwamba transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ukiipa volti 230 upande wa nyumbani, upande wa pili inatoa maelfu.

Sasa piga picha. Umeme umekatika saa mbili usiku. Gari la TANESCO limefika, fundi amevaa mkanda, amepanda nguzo. Laini imezimwa. Kumbe huku chini kuna nyumba ambayo inveta imeungwa moja kwa moja kwenye boksi la breka, na meni swichi imeachwa juu. Umeme wa betri unawasha feni ya mwenye nyumba, halafu unapita kwenye mita, unatoka nje, unapanda nguzo kumfuata yule bwana.

Mafundi wa laini wana taratibu zao. Wanapima kwanza, wanaunga waya wa laini na ardhi kabla ya kushika. Sawa, lakini wewe usiwe sababu ya mtu kuishi kwa bahati ya kwamba siku hiyo hakusahau.

Kijiweni hawakosekani wabishi. Watakuambia: "Acha kutisha watu bwana, inveta ndogo ikitaka kuwasha mtaa mzima si itazidiwa izime?" Mara nyingi ni kweli, itazima. Ila fikiria waya umekatika nguzo ya pili kutoka kwako. Hapo huwashi mtaa. Kipande ulichobakiwa nacho ni kifupi, hakina mzigo, inveta inakibeba bila kutoa jasho. Waya unaning'inia karibu na njia, watoto wanapita, kila mtu anajua umeme umekatika. Utajibu nini?

Na si lazima uende mpaka nguzoni. Sisi wapangaji tunaoishi sita kwenye nyumba moja yenye LUKU moja ndio tuko pabaya zaidi. Umeme umekatika, jirani yako ameona ndiyo nafasi ya kubadilisha soketi iliyoungua. Hana haja ya kuzima chochote, si hakuna umeme? Anashika waya. Waya una umeme wako.

DAWA NI SWICHI

Dawa yake haihitaji mganga. Inaitwa chenjiova. Ni swichi ambayo upande mmoja ina TANESCO, upande mwingine ina betri, na katikati ina sifuri. Imetengenezwa hivi kwamba haiwezi kushika pande zote mbili kwa wakati mmoja hata mlevi akiizungusha. Inaachia huku kwanza, ndipo inashika kule.

Zipo inveta za kisasa zenye chenjiova ndani yake. Hizo zina mdomo wa kupokea umeme wa TANESCO na mdomo mwingine wa kutoa umeme wa akiba. Umeme wa akiba unatakiwa uende kwenye boksi lake la breka, lenye taa, soketi za TV na friji unazotaka zibaki zinafanya kazi. Mizigo mikubwa, yaani pasi, hita ya maji na jiko la umeme, inabaki kwenye boksi la zamani.

Kimeo kinapoanzia ni hapa. Fundi mvivu hataki kutenganisha nyaya, anachukua ule mdomo wa akiba anaurudisha kwenye boksi la zamani ili "nyumba nzima iwake". Au anakutengenezea waya wenye plagi dume pande zote mbili, unachomeka kwa inveta na kwa soketi ya ukutani. Atakusisitizia, "Sista, wewe kumbuka tu kuzima meni swichi kwanza." Yaani roho ya mtu imening'inizwa kwenye kumbukumbu yako saa mbili usiku, gizani, mechi iko dakika ya 80! Waya huo ukiuona kwa mtu, mwambie aukate leo.

Usidanganywe pia na maneno kwamba inveta ina kinga ya kujizima gridi ikipotea. Ni kweli zinazounganishwa na gridi zinakuwa nayo. Lakini inalinda ule mdomo wa TANESCO tu. Fundi akishaurudisha mdomo wa akiba kwenye nyaya zilezile, ameizunguka kinga kwa nyuma kama anayeingia dansi bila tiketi.

KITUFE CHA T KINADANGANYA

Jingine ambalo halina mvuto wa kusimulia lakini lina mazito ni ethi. Umeme wa TANESCO, waya wake wa nyutro umeshikizwa ardhini kule kwenye transfoma. Ndiyo maana ukishika waya wa moto, umeme unapita mwilini kwenda ardhini, na ile breka ya RCD inaona kuna umeme umepotea njia, inakata. Ya kulinda binadamu hukata kwenye miliampia 30.

Sasa inveta ikijitenga na TANESCO, nyutro yake inaweza kubaki inaelea, haijashikwa na ardhi popote. Friji ikivujisha umeme kwenye bodi, RCD inaweza isione kitu, ikakaa kimya. Inveta nyingine huunganisha nyutro na ethi zenyewe zinapohamia kwenye betri, nyingine haziunganishi. Fundi anayejua atafungua kitabu cha inveta na kukuonyesha yako ni ipi. Asiyejua atabonyeza kitufe cha T kwenye RCD, ikifyatuka atakuambia, "Umeona? Iko poa." Wapi! Kitufe kile hupitisha umeme kidogo kati ya waya wa moto na nyutro, kwa hiyo kitafyatua hata kama nyutro inaelea. Kipimo cha kweli ni cha mashine, kati ya waya wa moto na ethi, nyumba ikiwa kwenye betri. Na ile nondo ya ethi iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu kama wa Dar ipimwe, isiwe pambo.

AMPIA MIA MOJA SI MCHEZO

Tuingie upande wa betri yenyewe. Betri nyingi zinazouzwa mjini ni za volti 48 au 51.2. Mtu akisikia 48 anacheka, "hii hata hairushi." Basi piga hesabu nami. Inveta ya wati 5,000 upande wa nyumbani, ukigawa kwa 230, inavuta kama ampia 22. Upande wa betri, ukigawa kwa 48, inavuta zaidi ya ampia 100. Ndiyo maana waya wa betri ni mnene kama kidole, milimita za mraba 35 au zaidi kadiri kitabu cha inveta kinavyosema, wakati waya wa soketi ni 2.5. Ukiona betri yako imeungwa kwa waya wa kuanikia nguo, hujapunguziwa bei, umeuziwa jiko.

Nyaya mbili za betri zikigusana, zinapita maelfu ya ampia kufumba na kufumbua. Kwa hiyo fyuzi ya betri inakaa karibu kabisa na betri. Ikikaa kule mwisho kwenye inveta, waya wote wa katikati hauna mlinzi.

Halafu kuna wizi mdogo wa mafundi: kuweka breka ya kawaida ya nyumbani kwenye nyaya za sola au za betri. Ile breka imetengenezwa kwa umeme wa TANESCO, ambao hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche hupata nafasi ya kufa. Umeme wa sola na betri hausimami hata kidogo. Breka ikifunguka, cheche inaendelea kuwaka mlemle ndani kama inachomelea geti, mpaka plastiki inashika moto. Breka ya kazi hiyo imeandikwa DC na volti zake. Paneli kubwa za siku hizi hutoa karibu volti 50 kila moja zikiwa hazina mzigo; ukiunga nne kwa msululu ni kama 200. Na paneli haina swichi. Jua likiwaka, inatoa umeme, upende usipende.

KAKA, BETRI NIIWEKE WAPI?

Dada mmoja, mpangaji wa Kinondoni, ameuliza: "Kaka, mimi nina chumba kimoja tu. Fundi anasema aiweke chini ya kitanda ili wezi wasiione. Ni sawa?"

Dada yangu, si sawa. Tuazime akili kwa Waingereza, kwa sababu plagi zetu za miguu mitatu na mtindo wetu wa kusuka nyaya tuliuchukua kwao. Mwaka 2024 walitoa mwongozo wa betri za majumbani, unaoitwa PAS 63100. Unasema betri isiwekwe chumba cha kulala, isiwekwe koridoni wala kwenye ngazi ambako watu watakimbilia moto ukitokea, wala isifichwe darini. Ikikaa nje, iwe angalau mita 1 kutoka mlangoni na dirishani. Kwetu si sheria, lakini moto wa London na moto wa Manzese unachoma vilevile. Betri ya lithiamu ikishika moto hutoa moshi wa sumu, na aliyelala juu yake hapati muda wa kutafuta kandambili.

Kwa mwenye nafasi, mahali pazuri ni ukuta wa nje wenye kivuli, ndani ya kizimba cha chuma chenye matundu ya hewa na kufuli. Kwa wewe wa chumba kimoja, nakushauri uachane na inveta ya ukutani. Chukua kile kisanduku cha kubeba chenye betri na soketi zake mwenyewe. Feni, TV na simu unachomeka palepale, huunganishi chochote na nyaya za nyumba. Hatari ya nguzoni inakwisha kabisa. Ya moto haiishi, lakini betri ni ndogo. Ichaji ukiwa macho, mbali na kitanda na mlango. Hutatesa sana mtaani, ila utalala.

Na wale wa betri za maji, zile za zamani: zikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Zinataka hewa, na hazitaki kuwa jirani na jiko wala sigara ya shemeji.

KIBALI NI CHA NANI?

Kaka wa Mbagala ameuliza swali zuri: "Ili niweke sola na betri nyumbani, naomba kibali wapi?"

Mzalishaji mwenye mtambo chini ya megawati 1 hatakiwi kuwa na leseni ya uzalishaji. Sheria ya Umeme ya 2008 inamsamehe. Megawati 1 ni inveta 200 za kilowati 5, kwa hiyo wewe na mimi tumo salama. Lakini sheria hiyohiyo inataka anayesuka nyaya awe na leseni, na leseni hiyo hutolewa na EWURA. Inaitwa leseni ya ufungaji umeme, ina madaraja, na kila daraja lina mpaka wa kazi. Kwa maneno mengine, kibali unachotakiwa kukitafuta kiko mfukoni mwa fundi. Mwambie akionyeshe. Fundi wa kweli haoni haya, anakitoa kama wewe unavyotoa picha ya mchumba. Anayeanza kusema "bosi wangu ndiye anayo" mshukuru kwa kuja, mpe nauli, aende.

La pili ni mita. Ile mita na waya unaotoka nguzoni si mali yako, usikate sili wala usiruhusu fundi aguse. LUKU ya kawaida imewekwa ili ununue umeme, haikuwekwa ili uuze. Kurudisha umeme wa sola kwenye gridi ni makubaliano mengine ya kufanya na TANESCO kwa maandishi. Kama huna, inveta ipangwe isirudishe hata wati moja. Zipo mita za kulipia kabla ambazo zikiona umeme unarudi huuhesabu kama vile umeutumia. Utakuwa unampa mtu umeme halafu unaulipia!

La tatu ni mwenye nyumba. Kutoboa paa la mtu na kubadilisha boksi lake la breka bila idhini ni kutafuta kuhamishwa katikati ya mwezi. Andikianeni karatasi: paneli ni zako, betri ni yako, nyaya za ukutani zinabaki au zinaondoka. Mapenzi ya mpangaji na mwenye nyumba huisha haraka kuliko ya disko.

MASWALI YA KUMUULIZA FUNDI KABLA YA MSHIKO

Haya yakate uyatie kwenye pochi:

1. Leseni yako ya EWURA iko wapi, na daraja lake linaruhusu kazi hii?

2. Umeme wa TANESCO ukikatika, ni swichi gani inayozuia umeme wangu usitoke nje? Nionyeshe kwa kidole.

3. Nyumba ikiwa kwenye betri, nyutro inashikwa na ethi wapi, na RCD utaipima kwa mashine gani?

4. Fyuzi ya betri iko wapi, na breka za sola zimeandikwa DC?

5. Ukimaliza utaniachia mchoro na majibu ya vipimo, vyenye jina na sahihi yako?

Hili la tano msilidharau. Mchoro ubandikwe pembeni ya inveta, na karibu na mita iwekwe karatasi ya maandishi makubwa: NYUMBA HII INA BETRI. Anayekuja kutengeneza asubuhi, au askari wa Zimamoto uliyempigia 114, anatakiwa ajue kabla hajashika kitu kwamba kuzima meni swichi hakujamaliza kazi.

Najua mtasema fundi wa namna hiyo ni ghali. Ni ghali kweli. Fundi wa kijiweni atakusukia jioni moja, na umeme utawaka uleule, feni itazunguka vilevile, majirani watapiga makofi yaleyale. Tofauti haitaonekana sebuleni kwako hata siku moja. Itaonekana kwa jirani anayebadilisha soketi, au kwa yule bwana wa mkanda aliyetoka nyumbani kwake usiku, akaacha mke na chakula mezani, ili aje kukurudishia umeme wewe na mtaa wako.

Kwa hiyo tesa, tena tesa sana, jasho lako mwenyewe. Ila kwanza nenda kaiangalie ile swichi. Kama huioni, zima inveta mpaka fundi mwenye leseni aje.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu: kwa nini wachumba wa siku hizi wanakopeshana pesa halafu hawaongei. Mpaka hapo, kuweni salama.